Jimbo au viti maalum: mwanamke wa Kigoma aingie Bungeni kwa mlango upi?

Binti wa kaka yangu anauza dagaa na mawese Ilagala, kule Mto Malagarasi unakokaribia kumwaga maji yake ziwani. Majuma machache baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 alikuja Kigoma mjini kununua ndoo na madumu, akalala kwangu Mwanga. Tulipomaliza kula, akakusanya sahani, akakaa tena, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi njiani: "Shangazi, 2030 nautaka ubunge. Nichukue fomu ya jimbo au ya viti maalum?"

Nikamwambia alale kwanza. Hakulala, na mimi sikulala.

Jibu la haraka ninalo, ila lina uchungu wangu ndani yake, ndiyo maana nimeona niliandike polepole. Niliwahi kugombea viti maalum mkoani nikaanguka. Nimekuwa wakala kwenye chumba cha kura mara mbili, na safari moja nilitunza daftari la matumizi la mama mmoja aliyegombea jimbo. Vitasa vyote viwili nimevishika, ingawa sikuingia.

Waliomo ndani wameingiaje

Watu wengi wanasema "mbunge" kana kwamba ni kitu kimoja. Katiba inataja aina kadhaa. Wapo wa majimbo, ambao katika uchaguzi huu walikuwa wa majimbo 272, baada ya Tume ya Uchaguzi kuongeza manane mapya Mei 2025 juu ya yale 264. Kigoma hatukupata jipya. Tumebaki na yetu manane: Kigoma Mjini, Kigoma Kaskazini, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Buhigwe, Muhambwe, na lile la Kakonko ambalo wengi wetu bado tunaliita Buyungu. Wapo wanawake wa viti maalum, ambao Katiba inataka wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na kwa hesabu ya siku hizi wanazidi 100. Wapo wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais, na angalau watano kati yao lazima wawe wanawake. Wapo watano kutoka Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na yupo Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hao wa mwisho hatuna haja nao hapa, maana binti yangu si Mzanzibari wala si mwanasheria.

Mlango wa kuteuliwa nauweka pembeni mapema, kwa sababu hauna kitasa upande wa nje. Unafunguliwa na aliye ndani. Lakini Kigoma tunaufahamu kuliko mikoa mingi: mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli aliwateua Dkt. Philip Mpango na Profesa Joyce Ndalichako kuwa wabunge, akawapa wizara. Miaka mitano baadaye wote wawili walirudi nyumbani kuomba kura, Mpango Buhigwe na Ndalichako Kasulu Mjini, wakashinda. Mpango hakukaa sana na jimbo lake. Machi 2021 akawa Makamu wa Rais. Kama una shahada tatu na mtu wa Dodoma anakujua kwa jina, subiri simu. Kama unauza dagaa, endelea kusoma.

Mlango wowote utakaoupita, sifa za kuanzia ni zile zile: uwe raia, uwe umetimiza miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama wa chama kilichokupendekeza. Mgombea binafsi kwetu hakuna. Na ukishaapa, mshahara hauulizi ulipitia wapi.

Ukumbi mmoja

Nianze na viti maalum, kwa kuwa ndiko nilikoungulia.

Uzuri wake ni kwamba huzunguki jimbo zima. Unaomba kura kwa wajumbe, wanawake wa jumuiya ya chama chako waliokusanyika kutoka wilaya zote za mkoa: Kakonko, Kibondo, Kasulu, Buhigwe, Uvinza na Kigoma. Mnaingia ukumbini asubuhi, kila mtia nia anapewa dakika zake chache za kujieleza, kura zinapigwa, jioni mnajua. Hakuna spika juu ya gari, hakuna jua la saa nane kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kwa mama mwenye mtoto mchanga au mume asiyependa safari za usiku, hilo si jambo dogo.

Ubaya wake ni huo huo ukumbi mmoja. Mjumbe anajua kura yake ina thamani, na wote mnaogombea mnajua namba yake ya simu. Mwaka niliogombea mimi, wajumbe walianza kuingia mjini siku mbili kabla. Nilipokea watu sebuleni mpaka magodoro yakaisha. Mama mmoja kutoka wilaya ya juu alinisalimia Kiha, "Mwakeye," akanipigia makofi ya heshima kwa mikono miwili, akala ugali na migebuka wangu, akaniambia, "Mdogo wangu, wilaya yetu imekwisha, ni yako." Nikaandika kwenye karatasi: walioniapia, 64. Jioni ya kesho yake msimamizi akasoma matokeo. Nilipata 11.

Yule mama alikuja kunipa pole kabla sijatoka ukumbini. Alilia kwelikweli. Mpaka leo sijui kama alikuwa miongoni mwa wale 11. Mwaka 2020 watia nia wa nchi nzima walipotoka kwenye kura za maoni wakisema "wajumbe si watu", mimi nilicheka peke yangu nyumbani. Nilikuwa nimelijua hilo kitambo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mpaka wamechelewa: kuongoza mkoani si kuingia Bungeni. Chama ndicho kinachopeleka Tume orodha ya majina, yamepangwa kwa kufuatana, la kwanza, la pili, la themanini. Baada ya uchaguzi Tume inapiga hesabu ya kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, inakigawia chama idadi ya viti, kisha inahesabu majina kutoka juu kushuka. Ukiwa jina la 60 na chama kimepata viti 50, unapongezwa tu nyumbani. Mpangilio huo wa majina haufanyiki Kigoma.

Na chama lazima kipate angalau asilimia 5 ya kura hizo. Hapa nawaomba dada zangu wa vyama vidogo wasome mara mbili. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo manne, yote ya mkoa wetu: Kigoma Kusini, Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Mkoa ulitikisika. Viti maalum ilipata vingapi? Hata kimoja hakikupatikana, kwa sababu kura za Kigoma hazikutosha kuifikisha kwenye asilimia 5 ya nchi nzima. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilishinda Kigoma Mjini, viti maalum sifuri. Kinyume chake, 2020 CHADEMA ilitangazwa kushinda jimbo moja tu Tanzania nzima, lakini kwa kura zake za jumla ikastahili viti maalum 19. Kwa hiyo mwanamke wa chama chenye nguvu Kigoma na Pemba pekee akiniuliza kuhusu viti maalum, namwambia asipoteze nauli. Jimbo ndilo pekee lililo wazi kwake.

Vijiji vya nchi kavu na vijiji vya majini

Jimbo lina kura mbili: ya chama kwanza, ya wananchi baadaye. Ile ya chama nayo ina wajumbe wake, tena kuongoza kura za maoni hakukupi uteuzi. Vikao vya juu vinaweza kulikata jina lako na kumrudisha aliyekuwa wa tatu. Ukivuka hapo, upande wa Tume mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani: wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa jimboni, na dhamana ya shilingi 50,000. Dagaa wa ndoo chache.

Gharama haiko kwenye fomu. Gharama ni jimbo lenyewe.

Kigoma Kusini ni Wilaya nzima ya Uvinza. Upande mmoja una Nguruka, mji wa reli, ambako unamfikia mpiga kura kwa treni au kwa basi. Upande mwingine una kata za mwambao zinazoshuka kusini mpaka ng'ambo ya milima ya Mahale, kule Kalya. Siku ya Nguruka si siku ya Kalya, hata wiki yake si moja. Yule mama niliyemtunzia daftari alikuwa nalo la kaunta, limegawanywa kwa kalamu nyekundu. Kushoto aliandika vijiji vya nchi kavu, kulia vya majini. Kulia fedha ilikwisha kwanza. Boti ya mbao, injini ya kukodi, petroli ambayo kijijini inauzwa kwa chupa na bei yake hupanda muuzaji akishajua wewe ni mgombea. Turubai la kujifunika usiku. Betri za spika. Mkifika, boti haigusi mchanga. Mama anavua viatu, anaviweka kwenye mfuko wa plastiki, anashika kitenge juu ya magoti na kutembea majini huku wazee wamesimama ufukweni wakimtazama. Nikamwambia siku moja, "Mama, tafuta kijana akubebe." Akanijibu, "Nikibebwa hapa, nimekwisha." Alikuwa na haki. Kijiji kile kilimpa kura nyingi kuliko kwao alikozaliwa.

Lakini kilichomwangusha hakikuwa ziwa. Ni mawakala. Kila kituo kinataka wakala wako, aliyeapishwa, aliyekula, asiyenunulika saa kumi jioni, na mwenye akili ya kudai nakala ya fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, kabla hajatoka chumbani. Vituo ni mamia. Sisi mawakala walitutosha nusu. Kwenye vituo vingine vyote tulisikia matokeo kama msikilizaji wa redio, na ukienda mahakamani bila fomu mkononi unakwenda kupunga hewa.

Na kura za huku hazina mwanya mkubwa. Mwaka 2015 Hasna Mwilima wa CCM alimshinda David Kafulila hapo hapo Kigoma Kusini kwa tofauti ya kura elfu moja na kidogo. Kafulila alikwenda mahakamani, hakufanikiwa. Kura elfu moja katika wilaya ile ni vijiji viwili vya mwambao ambavyo mtu hakufika kwa sababu injini iliharibika.

Kuhusu uchaguzi wenyewe wa 2025, sitajifanya sikuuona. CHADEMA haikuwamo, intaneti ilizimwa, watu walipoteza maisha katika miji kadhaa. Mwanamke anayefikiria 2030 lazima aliweke hilo kwenye mizani yake, hasa akiwa upinzani. Mimi siwezi kumwekea. Ninachoweza kusema ni kwamba hapa Kigoma Mjini aliyetangazwa mshindi mbele ya Zitto Kabwe ni Clayton Chipando, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Baba Levo. Watu wakasema umaarufu wa muziki. Wanasahau kwamba aliwahi kuwa diwani wa Mwanga Kaskazini, tena kwa chama kingine. Nitalirudia hilo la udiwani.

Ukishaapa

Hapa tofauti ni kubwa, na ndipo binti wa kaka aliponyamaza akasikiliza.

Mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009. Si fedha za kujenga hospitali, lakini zinamalizia boma la zahanati, zinanunua bati za darasa ambalo wananchi wamepandisha ukuta. Watu wanaona. Mbunge wa viti maalum hana mfuko huo. Anaingia baraza la madiwani la halmashauri moja, anaweza kusema, anaweza kuomba, lakini hana bati mkononi. Ndiyo maana wengi wao hununua cherehani na mitungi ya gesi kutoka mfukoni mwao, na wajumbe wa mkoa mzima wanapiga simu, kuanzia Kakonko mpaka Kalya, kila mmoja ana msiba, kila mmoja ana harusi. Eneo lake ni mkoa wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022, na kati yao waliompigia kura wanaenea ukumbi mmoja.

Angalia sasa ziwa. Katikati ya Mei 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Pale Ilagala wanawake wa dagaa walikaa wakihesabu ndoo tupu. Mbunge wa jimbo akinyamaza katika jambo kama hilo, waliofungiwa ziwa ndio hao hao wanaomsubiri kwenye sanduku la kura. Wa viti maalum anaweza kusema kwa ukali uleule, na wapo wanaosema, lakini akikaa kimya hakuna mvuvi anayeweza kumfanya kitu. Anayemtazama ni mjumbe na kikao kinachopanga orodha. Nimeona mbunge mwenye moyo mzuri akimeza swali kwa sababu hiyo. Nimeona pia wa jimbo akimeza, kwa hiyo nisije nikawapaka mafuta.

Kwenye dari pia hawalingani. Waziri unaweza kuwa kwa mlango wowote. Uwaziri Mkuu huwezi: Katiba inataka atoke miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni, wa chama chenye wabunge wengi. Binti wa kaka akacheka, akasema, "Shangazi, mimi nimesema ubunge tu." Sawa, lakini 2030 atakuwa bado hajafika 40.

Dharau nayo ipo. "Huyu ni wa kupewa." Utaisikia kantini, utaisikia kijijini, utaisikia kwa mwanamke mwenzako. Si haki, kwa sababu kura 300 za wajumbe zinaweza kuwa ngumu kuliko kura 30,000, ninayeandika hapa ni shahidi. Ila ipo, na anayechagua mlango huo aingie nayo akijua.

Nani anaweza kukutoa

Wote wawili wakikosa uanachama, Katiba inawavua ubunge. Hapo watu hudhani mlango wa jimbo una ukuta mnene zaidi, na kisheria si kweli. Mwaka 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama Kafulila akiwa mbunge wa Kigoma Kusini aliyechaguliwa na wananchi. Kilichomwokoa ni mahakama. Kwa upande wa viti maalum, Halima Mdee na wenzake 18 waliapishwa Novemba 24, 2020, siku tatu baadaye CHADEMA ikawafukuza, nao wakapambana mahakamani na kubaki Bungeni mpaka muda wake ulipoisha.

Tofauti inaonekana kiti kikibaki wazi. Cha jimbo kinaitisha uchaguzi mdogo. Muhambwe ilipompoteza mbunge wake, Mhandisi Atashasta Nditiye, Februari 2021, wananchi walirudi kwenye vituo Mei mwaka huo na kumchagua Dkt. Florence Samizi. Buhigwe iliyoachwa na Mpango ikapiga kura siku hiyo hiyo. Kiti maalum kikiwa wazi, linachukuliwa jina linalofuata kwenye orodha ya chama, mambo yanaisha kimya kimya. Kwa hiyo chama kikikasirika, kumfukuza wa jimbo ni kuhatarisha kiti; kumfukuza wa viti maalum ni kubadilisha jina. Hesabu hiyo kila kiongozi wa chama anaijua, hata kama haisemi.

Wanaopanda na wanaokaa

Kuna hoja nzuri ya viti maalum ambayo ningekuwa mwongo kuificha: ni shule. Jirani zetu wa ziwa hili hili, Nkasi Kaskazini mkoani Rukwa, wana mfano. Aida Khenani aliingia Bungeni 2015 kwa viti maalum, akajifunza kuuliza swali la nyongeza na kuzunguka ofisi za wizara, kisha 2020 akasimama jimboni akashinda. Ndiye aliyekuwa mbunge pekee wa jimbo wa CHADEMA nchi nzima. Miaka mitano ya kwanza ilimpa jina, na jina likamvusha.

Tatizo ni kwamba wanaopanda hivyo ni wachache. Kiti maalum ni laini. Ukishakikalia, jimbo linaonekana jiwe. Kila uchaguzi unasema "safari hii nijipange kidogo," na wajumbe wanakuzoea, nawe unawazoea. Bunge lililochaguliwa 2020 lilikuwa na wanawake 113 wa viti maalum. Walioshinda majimboni hawakufika 30 kati ya majimbo 264.

Lakini mtu asije akakwambia Kigoma haimchagui mwanamke jimboni. Kasulu Vijijini ilimchagua Agripina Buyogera 2010, tena kwa upinzani. Kigoma Kusini, Hasna Mwilima 2015. Kasulu Mjini, Ndalichako 2020. Muhambwe, Samizi 2021. Majimbo manane, na nusu yake yameshampa mwanamke kura ndani ya miaka kumi na moja. Wazee wa Kasulu unaowasikia wakisema "mwanamke hawezi" wameshampigia mwanamke mara mbili.

Kwa nani, upi

Ukiwa na mtandao ndani ya jumuiya ya chama kikubwa, umeshakuwa katibu au mwenyekiti wa wilaya, unajulikana kwa wajumbe wa Kibondo kama unavyojulikana kwa wa Ujiji, na huna fedha wala afya ya kuzunguka, nenda viti maalum, na panga mapema mwaka utakaoondoka huko. Ukiwa na ulemavu, ukiwa kijana wa chuo, ukiwa mfanyakazi, uliza chama chako kama kina nafasi za makundi hayo. Ni ukumbi tofauti na wapinzani wachache. Ukiwa wa chama kidogo, nimeshasema. Sheria haikufungi kwenye mlango mmoja: Mdee alitangazwa kushindwa jimboni Kawe 2020 na jina lake likaonekana viti maalum mwaka huo huo. Ila chama chako kinaweza kukukataza kuchukua fomu mbili, na wajumbe hawampendi anayekuja kwao akiwa wa pili.

Kwa binti wa kaka yangu nilikuwa na jibu langu, lakini sikumpa. Asubuhi nilimpa karatasi, nikamwambia aikunje katikati. Kushoto aandike vijiji vya Kigoma Kusini ambavyo akifika saa mbili usiku atapata pa kulala bila kulipa gesti. Kulia aandike wajumbe wa mkoa ambao akiwapigia saa mbili usiku watapokea.

Kushoto aliandika bila kuinua kichwa. Ilagala, Sunuka, Kaliya, akasahihisha kuwa Kalya, kunakotoka dagaa wake wa jua kali, Buhingu, Nguruka kwa rafiki yake wa mawese, Uvinza kwa wa chumvi. Vijiji 17. Kulia akaandika jina moja, akaangalia dari, akaandika la pili, akatafuta kwenye simu, akaandika la tatu. Kisha akainamisha kichwa.

"Shangazi, huyu wa Kibondo si alishafariki?"

"Alifariki mwaka jana."

"Nimfute?"

Nikamwambia amfute. Karatasi ilikuwa imejibu. Nilichoongeza ni kimoja, na ndicho nilichosema nitakirudia: kabla ya jimbo, udiwani, na si wa viti maalum, wa kata. Dhamana yake ni ndogo, vituo vyake unaweza kuvijaza mawakala kwa ndugu na wateja wako, na ukishindwa unashindwa karibu na nyumbani. Diwani wa kata anajifunza kusimama mbele ya mkurugenzi na kuuliza fedha ya zahanati imekwenda wapi. Hilo ndilo Bunge lenyewe, kwa sauti ndogo.

Hakupenda. Alisema udiwani utamchelewesha miaka mitano. Nikamwacha.

Alipokuwa anafunga madumu yake kwa kamba aliitoa ile karatasi tena, akaitazama upande wa kushoto, akaweka alama ya kuuliza mbele ya Kalya. Dagaa wa Kalya alikuwa analetewa na mchuuzi. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Akaniuliza boti ya huko inaondoka siku gani.